Namba iliyo juu ya kadi: kisa cha mtoto wa miezi 19 wa Likoni

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii upande wa Likoni, Mombasa. Nyumba ninazozizungukia ni kama mia moja, na kisa hiki kilitokea katika moja ya nyumba hizo mwezi wa Agosti 2023. Mama mwenye mtoto ameniruhusu nikisimulie. Majina ya watu na ya vituo nimeyaacha.

Mtoto ni wa kike, amezaliwa Tanga mjini tarehe 14 Januari 2022. Baba yake alikuwa amekwisha kuvuka mpaka kuja Mombasa kufanya kazi za mjengo, na mama alibaki kwao na kichanga mpaka Septemba mwaka ule, ndipo akafunga mizigo akamfuata kupitia mpaka wa Horohoro. Kati ya vitu alivyovibeba ni kadi ya kliniki ya mtoto, ile ambayo Tanzania inajulikana kama RCH 1. Walipanga chumba kimoja Likoni. Kadi ikatiwa ndani ya mkoba wa nguo pamoja na vyeti vya shule vya mama na risiti za kodi, mkoba ukasukumwa chini ya kitanda.

Masika ya 2023 maji yakaingia chumbani usiku. Waliokoa mtoto, godoro na unga. Mkoba haukukumbukwa mpaka siku ya pili.

Jumatatu tarehe 14 Agosti mtoto alikuwa ametimiza miezi 19, na mama alijua kuwa sindano ya pili ya surua, ya miezi 18, ilikuwa imeshachelewa. Akampeleka zahanati. Muuguzi akapokea kadi, akaifunua polepole kwa kuwa ilikuwa imegandana, akaigeuza huku na huku. Akamkunja mtoto mkono wa fulana, akatazama kigasha cha kushoto. Hakuona kovu.

"Mama, hapa sioni kitu. Huyu tutamwanza upya."

"Sista, mwanangu kachomwa zote."

"Zote zipi? Lini?"

"Zote."

Walirushiana maneno hayo mara mbili tatu, foleni ikiwa nyuma yao, na kwenye benchi mtu ameshaanza kuguna. Mama akamfunga mtoto mgongoni kwa kanga, akaondoka. Nilipopita kwake Jumatano alinipokea na swali hata kabla sijakaa: "Dada, wanataka kumpa mtoto dawa mara mbili. Kimwili hiki kitabeba?"

Muuguzi alikuwa na haki

Naanza na muuguzi, maana katika visa vya namna hii yeye ndiye hulaumiwa mbele ya majirani, na lawama hiyo hufanya mama wengine wasiende.

Kanuni aliyoishika ni ya kawaida duniani kote: dozi isiyo na maandishi huhesabiwa kuwa haikutolewa. Ukali wake una sababu. Chanjo ikirudiwa kwa mtoto aliyekwisha kuipata, kwa kawaida haimdhuru. Jambo linaloweza kutokea ni paja kuvimba na kuuma zaidi kidogo, hasa kwa chanjo zenye kinga ya pepopunda zikirudiwa mara nyingi. Lakini chanjo ikirukwa kwa mtoto ambaye hakuipata, anabaki wazi mbele ya dondakoo, kifaduro, homa ya ini na surua. Muuguzi akiweka kwenye mizani maumivu ya siku mbili upande mmoja na kifaduro upande wa pili, hana haja ya kufikiri sana. Hilo nilimwambia mama, na nilimwambia pia kwamba tukikosa ushahidi wowote nitamsindikiza mimi mwenyewe akaanzishiwe upya.

Ila mama naye alikuwa na jambo. Kuanza upya maana yake ni kurudi kliniki Agosti, Septemba na Oktoba, kwa kuwa dozi moja na ijayo ya chanjo ya Penta, inayokinga magonjwa matano kwa pamoja, lazima zipishane angalau wiki nne. Baba ni kibarua wa siku. Mama huuza mahamri asubuhi, na siku ya kliniki ni siku isiyo na mahamri. Isitoshe, alikuwa na uhakika. Mtu mwenye uhakika akiambiwa maneno yake hayahesabiki hujiona ameitwa mwongo. Hapo ndipo wengi wanapopotea, wala hawarudi tena kwa sindano yoyote, hata ile ambayo hakuna anayeibishia.

Kwa hiyo nikamwomba siku chache. Nilimwambia tutafute kwanza.

Kadi yenyewe

Niliilaza mezani juu ya kitambaa cheupe, tukaifungua dirisha likiwa wazi. Karatasi ilikuwa imeota ukungu kwenye mikunjo. Nilichokiona sikuwa nimewahi kukitilia maanani kabla ya hapo: maandishi hayakuwa yameharibika sawasawa. Mstari wa chanjo ya kifua kikuu, BCG, ulisomeka wazi, tarehe na yote. Chini yake palikuwa na madoa ya buluu yaliyosambaa kama jiki ilipomwagikia nguo ya rangi. Kisha tarehe ya vitamini A ya miezi sita nayo ilisomeka, imefifia kidogo tu.

Tofauti ilikuwa ni kalamu. Kalamu ya kawaida ya biro ina wino wa mafuta, na maji hayaung'oi kirahisi. Kalamu ya jeli, ile inayoteleza na kupendeza mkononi, wino wake mara nyingi huyeyuka majini. Muuguzi aliyeandika siku ya kuzaliwa alishika biro, na yule wa wiki ya sita na ya kumi alishika jeli. Tangu siku hiyo natembea na biro mbili mfukoni, na nikiona mama anaandikiwa kwa jeli namwomba muuguzi kwa heshima atumie yangu.

Kwenye grafu ya uzito napo kulikuwa na habari. Vitone vya wino vilikuwepo kwenye mwezi wa kwanza na nusu na kwenye mwezi wa pili na nusu, halafu pengo mpaka mwezi wa tano. Mtoto wa Tanzania, kama wa Kenya, huitwa kliniki akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Kitone cha wiki 14, yaani karibu miezi mitatu na nusu, hakikuwepo. Kitone cha uzito si ushahidi wa sindano, na kukosekana kwake si ushahidi wa kukosa sindano. Pengine mizani ilikuwa mbovu siku hiyo. Lakini niliuweka moyoni ule upungufu, sikumwambia mama.

Kisha nikamwomba amvue mtoto fulana yote. Kovu lilikuwepo. Lilikuwa begani, mkono wa kulia, duara dogo linalong'aa, kubwa kiasi cha punje ya mtama. Muuguzi hakuliona kwa sababu Kenya BCG hudungwa kwenye kigasha cha mkono wa kushoto, na macho yake yalikwenda pale ambapo miaka yote yameona makovu. Mama naye hakufikiria kumwonyesha, maana kwake yeye kovu la chanjo ni la begani, wala hakujua kuna nchi linakokaa kwingine. Watu wawili walimtazama mtoto mmoja, kila mmoja kwa desturi ya kwao. (Kuna watoto ambao BCG haiwaachii kovu kabisa, kwa hiyo kutoonekana kwa kovu peke yake si hukumu. Hili hata sisi wahudumu tunalisahau.)

Anachokikumbuka mama

Watu hudharau kumbukumbu ya mama, au huiamini yote kwa jumla. Mimi nimejifunza kuitenganisha. Ukimwuliza mama tarehe, atababaika. Ukimwuliza siku ile ilikuwaje, atakueleza mpaka rangi ya ukuta.

Nilimwuliza kuhusu surua ya kwanza, ya miezi tisa. Tarehe hakuijua. Lakini alikumbuka kwamba ilikuwa hapa hapa Likoni, katika kituo kingine cha karibu na stendi, na kwamba alirudishwa: aliambiwa siku ya surua ni Alhamisi. Alhamisi hiyo akaenda akakuta mlango umefungwa, ni sikukuu. Akarudi Alhamisi ya pili, ndipo mtoto akadungwa.

Sikukuu ya Kenya inayoangukia Alhamisi mwezi wa Oktoba 2022 ni moja tu, Mashujaa, tarehe 20. Alhamisi iliyofuata ni tarehe 27. Mama asiyejua tarehe alikuwa amenipa tarehe kamili.

Niseme kidogo kuhusu siku za surua, kwa kuwa mama wengi hudhani ni uvivu. Chanjo ya surua na rubela huja ikiwa poda kwenye chupa ya dozi kumi. Ikishachanganywa na maji yake, hutumika ndani ya saa sita, kinachobaki humwagwa. Kituo kikiwa na mtoto mmoja tu asubuhi hiyo, dozi tisa zaweza kupotea, ndiyo maana vituo vingi hukusanya watoto siku moja. Naielewa hesabu hiyo. Hata hivyo mimi nasimama upande wa kufungua chupa, kwa sababu nimeona ni wangapi wanaoambiwa Alhamisi wasirudi. Mama huyu alirudi mara mbili. Nampa heshima yake.

Kisha nikamwuliza matone ya polio alipewa mara ngapi. Akahesabu kwa vidole: alipozaliwa, akarudi moja, akarudi mbili, na mara ya mwisho, "ile waliyokuja nyumbani wakampaka wino kidoleni." Hapo nikanyanyua kichwa. Mei 2022 Tanzania iliendesha kampeni ya polio nchi nzima, nyumba kwa nyumba, kwa watoto wote walio chini ya miaka mitano, baada ya polio kuthibitishwa Malawi Februari mwaka ule. Wino wa kidoleni ndio alama yao. Matone hayo ni ya nyongeza. Hayaandikwi kwenye kadi kama dozi ya ratiba, wala hayachukui nafasi ya siku ya kliniki. Lakini mtoto alikuwa na miezi minne, na kwa mama ile ilikuwa mara ya tatu baada ya kuzaliwa, na ratiba ni mara tatu. Hesabu ikatimia kichwani mwake. Alisema "zote" kwa moyo mweupe kabisa.

Picha isiyo na chanjo hata moja

Sasa tulihitaji Tanga. Bibi yake mtoto yuko kule, na kituo alikozaliwa na kuhudhuria kiko mtaa wa pili kutoka kwake. Lakini aende akaulize nini? Kituo cha mjini huandikisha watoto wengi kila mwezi. Jina nalo lilikuwa shida: kadi ilifunguliwa siku ya kuzaliwa, kabla ya mtoto kupewa jina siku ya saba, na kwenye kitabu aliandikwa kwa jina la mama. Majina mawili ya mama huyu ni ya kawaida mno Pwani. Ukiyaita sokoni watageuka wanawake watano.

Jioni baba alirudi kazini, tukamweleza. Akasema ana picha ya kadi. Mkewe akamwambia ile haina maana, si ya ndani. Baba akaitafuta kwenye simu akarudi nyuma mpaka Februari 2022, akanipa. Ilikuwa picha ya upande wa mbele wa kadi. Yeye akiwa Mombasa aliomba picha ya kadi ili aione tarehe ya kuzaliwa ya mwanawe ilivyoandikwa, na mkewe akampigia upande huo tu, kidole gumba chake kikiwa pembeni. Hakuna chanjo hata moja. Kuna jina la kituo, jina la mama, tarehe ya kuzaliwa, uzito wa kuzaliwa, na namba ya mtoto.

Hiyo namba ndiyo kisa chote hiki. Kituo kikimwandikisha mtoto, humpa namba, na namba hiyo huandikwa mahali pawili: juu ya kadi inayokwenda nyumbani na kwenye rejista inayobaki kituoni. Tanzania rejista hiyo ni kitabu namba 7 cha MTUHA, yaani mfumo wao wa taarifa za huduma za afya. Kwetu Kenya ni rejista ya kudumu ya chanjo, MOH 510. Kila mtoto ana mstari wake, na kila akirudi, tarehe ya chanjo hujazwa kwenye mstari huo huo. Kadi ikiliwa na maji, mstari haujaliwa. Ila kuufikia mstari bila namba ni kupekua kurasa kwa kurasa na muuguzi mwenye foleni, ukiwa na jina ambalo huenda silo lililoandikwa.

Karibu kila mama ninayemshauri apige picha ya kadi hupiga ukurasa wa chanjo. Ni jambo la maana, apige. Lakini huacha ukurasa wa mbele kwa kuwa anaona hauna kitu. Picha ya ukurasa wa chanjo inaonyesha yaliyokuwa yameandikwa hadi siku ile ya picha, na sindano ya mwezi ujao haitaingia humo. Namba haipitwi na wakati. Iliyoandikwa siku ya kwanza inafungua mstari wote mpaka siku ya mwisho. Nikilazimika kuchagua picha moja, nachagua ya mbele.

Usiku huo huo namba ilitumwa kwa ujumbe mfupi kwenye simu ya bibi, simu ya kitochi isiyopokea picha, pamoja na jina la mama kama lilivyoandikwa na tarehe ya kuzaliwa. Ijumaa tarehe 18 bibi alivaa baibui akaenda. Alisimulia baadaye kwa ujumbe wa sauti, kupitia simu ya kijana wa jirani: muuguzi alimwamkia shikamoo, akasoma namba, akatoa kitabu cha mwaka 2022 kabatini, akafunua, akaweka kidole. Haikufika dakika kumi. Kitabu hakikupigwa picha, kwa kuwa kina watoto wa watu wengine. Muuguzi alinakili mstari huo kwenye karatasi, akatia sahihi na muhuri, na karatasi ndiyo iliyopigwa picha. Nimependa alivyofanya.

Mstari

BCG na matone ya kwanza: siku ya kuzaliwa. Matone, Penta, chanjo za nimonia na za kuhara, dozi ya kwanza: tarehe 25 Februari 2022, wiki sita kamili. Dozi ya pili: tarehe 25 Machi, wiki kumi kamili. Wiki ya kumi na nne: patupu. Hakuna Penta ya tatu, hakuna nimonia ya tatu, hakuna matone ya tatu, hakuna sindano ya polio.

Mama aliitazama picha muda mrefu. Hakubisha. Alihesabu kimyakimya kutoka Machi, akasema, "Ilikuwa Ramadhani. Tulikwenda Pangani kwenye msiba." Tarehe ya wiki 14 ingekuwa 22 Aprili 2022, Ramadhani ikiwa imeshapita nusu. Alikaa Pangani mpaka Idi. Aliporudi alipanga kwenda kliniki, na mara wale wa kampeni wakabisha hodi na matone yao. Akaona mambo yamekwisha.

Hapa pana jambo lililonitisha, na nililieleza kwa mama kwa upole lakini bila kulificha. Matone ya polio ya ratiba, tangu Aprili 2016, yana kinga ya aina ya kwanza na ya tatu ya virusi. Aina ya pili iliondolewa kwenye matone hayo, na yale ya kampeni ya Mei 2022 yalikuwa ya namna hiyo hiyo. Kinga yake iko kwenye ile sindano ya polio inayotolewa wiki ya 14. Mtoto angeweza kunywa matone kama hayo mara tano asipate kinga ya aina ya pili. Na mwaka huo huo wa 2023 virusi vya aina ya pili vilikuwa vimeonekana Garissa. Kumbe nafasi moja tupu kwenye kitabu ilikuwa na uzito kuliko nafasi zote zilizojazwa.

Kwa hiyo mama alikosea kusema zote, na muuguzi asingepatia kuanza upya, maana dozi zilizokatika hazianzwi tena mwanzo. Huendelezwa pale zilipokomea, hata miezi ikiwa imepita mingi. Bila ule mstari wangebaki pale pale, kila mmoja na lake. Na kama mama angeshinda yale mabishano ya Jumatatu, mtoto angedungwa surua ya pili peke yake akaenda nyumbani bila Penta ya tatu wala sindano ya polio, na kila mtu ameridhika.

Jumatatu tarehe 21 tulikwenda kituo cha karibu na stendi. Karani alifungua Alhamisi ya tarehe 27 Oktoba 2022. Mtoto alikuwemo, surua na rubela dozi ya kwanza.

Alhamisi

Tulichagua Alhamisi tarehe 24 Agosti ili chupa ya surua iwe imefunguliwa. Niliandika fomu ya rufaa, MOH 100, nikaambatanisha karatasi ya Tanga iliyochapishwa duka la fotokopi, na namba ya mstari wa Oktoba. Muuguzi alikuwa yule yule. Alisoma vyote akiwa amesimama. Kisha akamwambia mama, "Nionyeshe hilo bega." Mama akamvua mtoto fulana. Muuguzi akapapasa kovu kwa kidole, akacheka, akasema, "Mimi nilikuwa natafuta huku," akagusa kigasha. Hapo nikaona mabega ya mama yameshuka. Nadhani kilichomlainisha ni kile kicheko kuliko karatasi zote.

Kilichobaki kilikuwa hiki: Penta ya tatu paja la kushoto, nimonia ya tatu paja la kulia, sindano ya polio paja hilo hilo la kulia lakini kwa kuacha nafasi ya kama vidole viwili, ukambi (yaani surua) na rubela ya pili mkono wa kulia, na matone mawili mdomoni. Sindano nne kwa siku moja. Mama aliuliza kama zinaweza kugawanywa. Muuguzi akamjibu kwamba zinaweza kutolewa pamoja bila hatari, na kwamba kuzigawa ni kumweka mtoto wazi wiki nyingine bila sababu, lakini uamuzi ni wake. Mama akakaa, akampakata mtoto, akashika miguu yake kati ya mapaja yake kama alivyoelekezwa. "Mpe zote, sista." Mtoto alilia kwa nguvu zote za kifua chake, akanyonya, akalala kabla hatujafika kituo cha matatu.

Neno moja hapa, kwa ajili ya waliohama kama hawa: mama alisema surua kila mara, muuguzi alisema ukambi. Ni ugonjwa mmoja. Siku ile ya kwanza mama alipotaja surua na muuguzi akajibu kuhusu ukambi, kwa muda fulani kila mmoja alidhani mwenzake anazungumzia sindano nyingine.

Inakokaa sasa

Mtoto alipewa kijitabu cha mama na mtoto cha Kenya. Muuguzi alinakili humo dozi zote za Tanga kwa tarehe zake, na pembeni akaandika jina la kituo cha Tanga na namba ya kule. Nilimwomba aandike hiyo namba, naye hakuona tabu. Kadi ya zamani haikutupwa, imekaushwa, imo ndani ya kijitabu.

Kijitabu kimo kwenye faili ya plastiki yenye kifungo, ya aina inayouzwa duka la vitabu, nayo imening'inizwa kwa msumari juu ya usawa wa kichwa, pembeni ya kabati ya vyombo. Baba alitaka kukitia ngozi ya plastiki kwa moto pale fotokopi, kama kitambulisho. Nilimkataza: muuguzi hawezi kuandika juu ya plastiki, na kijitabu bado kina miaka ya kuandikwa.

Namba zote mbili, ya Tanga na ya Likoni, ziko mahali pane. Ziko kwenye simu ya baba, kwenye simu ya mama, kwenye kitochi cha bibi Tanga kama ujumbe ambao ameambiwa asiufute, na kwa biro nyuma ya mlango wa kabati. Mlango wa kabati ni wazo la mama mwenyewe. Alisema simu huibiwa na karatasi hulowa, lakini hakuna anayeiba mlango wa kabati.

Kwenye kalenda ya ukutani mama alizungushia duara Januari 14, 2024: miezi 24, vitamini A, na dawa ya minyoo.